Msasa weka kando: kufufua mbao ya Lee-Enfield

Bunduki hii ililetwa kwangu Mji wa Kale, Mombasa, imezongwa shuka, na mbao yake ilikuwa nyeusi tititi. Ni Lee-Enfield ya Mark III, aina iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1907. Bunduki za ukoo huu walizibeba askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, huku kwetu Afrika Mashariki, na baadaye hadi Burma. Hii ni ya maonyesho tu: imezimwa, haipigi tena, karatasi zake zipo, na msimamizi wake mwenye kibali hakubanduka kibarazani pangu tangu kuifungua. Kwa namna nyingine siipokei, na fundi yeyote asipokee.

Msimamizi alitaka niipige msasa ing'ae. "Bwana," nikamwambia, "ukishapiga msasa hutabaki na bunduki ya vita, utabaki na gongo jipya." Hakuridhika, lakini aliniachia.

Mbao yenyewe ni ya mjozi, mti ambao wengine wanauita walinati. Weusi ule haukuwa rangi. Ni mafuta ya mashine, jasho na vumbi vilivyoshikana miaka mingi. Chini yake kuna alama zilizopigwa kiwandani, na kina cha alama hizo hakifiki unene wa ukucha. Mikono miwili mitatu ya msasa, zimekwenda.

Kabla ya usafi kuna mtego wa kufungua, na hapa nataka msomaji asimame kidogo. Mbao ya Mark III ni vipande mbalimbali: kitako nyuma, ubao mrefu mbele unaolala chini ya mtutu, na vifuniko vya juu. Kitako kimeshikwa na bolti ndefu iliyopita ndani yake, na bisibisi unaipitisha kwa nyuma. Ncha ya mbele ya bolti hiyo ni ya pembe nne, nayo imekaa ndani ya kibati kilichopachikwa kwenye ubao wa mbele. Ukiizungusha kabla hujautoa ubao wa mbele, ncha inageuka na kupasua mbao. Utasikia mlio mdogo tu, ka! Hii yangu ilikuja tayari na ufa wa namna hiyo, urefu wa kidole. Kuna mtu alikuwa na haraka kabla yangu. Kwa hiyo ubao wa mbele kwanza, kitako baadaye, siku zote.

Kutoa mafuta natumia unga wa chaki na spiriti, nauponda uwe uji mzito na kuupaka kote. Kisha naipandisha mbao juani, si zaidi ya nusu saa, huku naigeuza isije ikapinda. Joto linayavuta mafuta, chaki inayanywa. Mara ya kwanza chaki ilitoka rangi ya kahawa tungu, ya nne ikawa chai ya maziwa, ya sita nikaacha. Usitafute weupe. Mbao iliyonyonywa kabisa inakuwa kavu kama mfupa.

Baada ya mara ya tatu ndipo nilipoiona. Juu ya kitako, karibu na bamba la shaba, herufi S. Vitako hivi vilitengenezwa kwa urefu tofauti: vifupi vilipigwa S, virefu L, ili bunduki imkae askari begani kwa kadiri ya mkono wake. Basi aliyepewa hii alikuwa mtu wa mikono mifupi. Jina lake hatulijui, lakini hilo moja tunalijua, na msasa ungelifuta kwa dakika mbili. Nilimwita msimamizi, akaipapasa kwa kidole gumba, akanyamaza. Habari ya kung'arisha hakuitaja tena.

Mibonyeo haikatwi, inainuliwa. Kitambaa cha bafta kilicholowa, pasi ya moto juu yake, mvuke unaingia na nyuzi za mbao zinavimba kurudi mahali pake. Penye mkato wa kweli nyuzi zimeshakatika, mvuke hausaidii, naacha kovu.

Ule ufa niliusafisha kwa asetoni mpaka kitambaa kikatoka safi, maana gundi haishiki kwenye mafuta. Nikasukuma epoksi ndani kwa wembe, nikaufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Tyubu inabana sawasawa pande zote bila kuumiza mbao, jiliwa haliwezi.

Kumalizia ni mafuta ya kitani, si vanishi. Hayakauki kwa kutoa maji, yanaganda kwa kushika hewa, na kwa unyevu wetu wa Mombasa kazi hiyo inakwenda polepole. Mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimeshika, nimewahi kungoja wiki nzima kwa mkono mmoja na kuvu ikaniotea. Sasa nangoja kaskazi. Napaka matone machache, nasugua kwa kiganja mpaka kiganja kipate moto, nafuta yote yaliyobaki, naacha siku mbili tatu. Mikono mitano inatosha.

Na vitambaa vya mafuta hayo, tafadhali, usivikunje ukavitupa pembeni. Vinajipasha joto vyenyewe. Vyangu niliwahi kuviacha ndani ya ndoo, nikarudi kutoka swala ya alasiri nikakuta moshi. Sasa naviloweka majini, au navitandaza kimoja kimoja kwenye kamba.

Bunduki imerudi kwenye kabati lake la kioo. Ombi langu kwa msimamizi lilikuwa moja: kiyoyozi kisielekee pale. Mbao iliyozoea hewa ya pwani ikipulizwa hewa kavu mchana kutwa inasinyaa, na ufa wa kidole utarudi ukiwa wa shubiri.