Pikapu "iliyogeuzwa" kwenye filamu za zamani: anza na kabini

Kwenye vibanda vya video vya Kampala na Jinja, pikapu ya kale haipiti kwenye skrini bila mtu kusema, "Hiyo imegeuzwa." Muulize imegeuzwa wapi, atakuonyesha madigadi yaliyotokeza nje ya bodi ya nyuma, au rangi inayong'aa. Nimelisikia mara nyingi mno.

Maana yake ni fupi. Pikapu iliyogeuzwa ni ile ambayo umbo au mitambo yake imebadilishwa makusudi, isibaki kama ilivyotoka kiwandani: paa limekatwa na kushushwa, springi zimefupishwa, injini ya gari jingine imefungwa. Ikinyooshwa mabati na kurudishiwa rangi yake ya awali, hiyo imekarabatiwa.

Tatizo kubwa ni bodi ya nyuma. Kuanzia 1957 Ford waliuza aina mbili kwa wakati mmoja: Styleside, yenye ubavu ulionyooka kutoka kabini hadi nyuma, na Flareside, nyembamba, yenye madigadi kwa nje. Chevrolet nao mwaka 1958 wakaleta Fleetside, yenye ubavu ulionyooka, huku Stepside, yenye madigadi kwa nje, ikiendelea kuuzwa. Mnunuzi alichagua anayoitaka. Kwa hiyo madigadi ya nje hayaonyeshi kwamba gari ni la zamani zaidi, wala kwamba kuna fundi aliyeligusa. Tena bodi hiyo hufungwa kwa bolti juu ya chesisi. Mafundi wa Katwe, mtaa wa magereji hapa Kampala, wanaweza kuing'oa na kuweka nyingine bila kugusa sehemu ya dereva. Grili na bampa ni hivyo hivyo. Chochote kinachofunguka kwa spana kinaweza kuwa kimetoka kwenye gari jingine, na watengeneza filamu nao hubadilisha vitu kama hivyo.

Kabini ni ngumu zaidi kudanganya, hasa kioo cha mbele na nguzo zake. Chukua Chevrolet. Umbo lililoanza 1947 lilikuwa na kioo cha mbele cha vipande viwili hadi 1953. Mwaka 1954 kikawa kipande kimoja. Umbo hilo liliingia hata 1955, kisha katikati ya mwaka huo huo likaja jipya kabisa, lenye kioo kilichopinda kuzunguka pembe. Anayesema "Chevrolet ya 1955" bila kutaja kioo bado hajatueleza ni ipi. Kwa Ford F-100 ya 1953 hadi 1956, wengi huona uso mmoja tu, lakini ya 1956 ina kioo kinachozunguka pembe na nguzo iliyosimama wima. Ukiiona hiyo, mwaka umeupata, hata kama rimu ni pana na gari limeshushwa hadi karibu na lami.

Paa lililokatwa nalo linatambulika. Madirisha huwa mafupi mno yakilinganishwa na mlango, ila kuanzia chini ya vioo kwenda chini, bati kwa kawaida hubaki lile lile. Anzia hapo kutafuta mwaka.

Hapa kwetu gari linaloonewa zaidi ni Land Rover. Mtu akiona taa za mbele zimekaa katikati, karibu na grili, anasema ni Series I, yaani toleo la kwanza. Akishaona bega la ubavu limeviringika, anaongeza kwamba imegeuzwa. Sivyo, ndugu yangu. Bega lililoviringika lilikuja na Series II mwaka 1958, na taa ziliendelea kukaa katikati hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, ndipo zikahamia kwenye madigadi. Gari lenye vyote viwili ni Series II, au IIA ya mwanzoni, kama lilivyotoka kiwandani. Likionekana kwenye hadithi ya mwaka 1950, aliyekosea ni mtafuta magari wa filamu. Gari lenyewe halijageuzwa.