Baridi ya Mbeya haitoshi kuwa friji ya dawa
Wapo wanaoamini kwamba ukiishi Mbeya, Njombe au Makete, kalamu ya sindano ya kupunguza uzito haihitaji friji. Kabatini panatosha, hasa Juni na Julai. Si kweli, na dawa yenyewe ni ghali mno kuichezea. Kalamu ya semaglutaidi (mojawapo ya dawa hizo za sindano) kama Ozempic, kabla haijaanza kutumika, hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Mbeya mjini, hata Juni, mchana hufika nyuzi 20. Joto huweza kuipunguzia dawa nguvu bila wewe kuona badiliko lolote kwa macho.

Kule Kitulo, usiku umande unapoganda, hatari inageuka: dawa iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka tena. Kwa hiyo hata ndani ya friji, iweke mbali na sehemu ya kugandishia. Ikishaanza kutumika inaweza kukaa nje, chini ya nyuzi 30, kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake.

Ukiitunza kwa jirani mwenye friji, tafadhali msichangie kalamu hiyo. Kubadilisha sindano hakutoshi: damu huweza kurudi ndani na kuambukiza homa ya ini au VVU.