Mwaka 1920 haukuwapa wanawake wote wa Marekani kura

Imezoeleka kusemwa, hata darasani, kwamba mwaka 1920 wanawake wote wa Marekani walipata haki ya kupiga kura. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inawasahau wengi mno. Marekebisho ya 19 ya Katiba yalipata idhini ya mwisho iliyohitajika huko Tennessee tarehe 18 Agosti 1920, pale mbunge kijana Harry Burn, aliyevaa waridi jekundu la wapinzani wa kura ya wanawake huku barua ya mama yake ya kumsihi aiunge mkono ikiwa mfukoni, alipobadili msimamo na kuyapitisha. Yalikataza jambo moja tu: mtu kunyimwa kura kwa sababu ya jinsia. Vikwazo vingine havikuguswa.

Kwa hiyo mwanamke mweusi wa majimbo ya Kusini aliyekwenda kujiandikisha aliweza kukabidhiwa kifungu cha katiba akisome na kukifafanua, na karani mzungu ndiye aliyeamua, peke yake, kama amefaulu. Alabama ilidai pia kodi ya kura ya dola 1.50 kwa mwaka, pamoja na malimbikizo ya miaka ya nyuma; kwa dobi au mtumishi wa nyumbani, huo ulikuwa mzigo mzito. Majaribio hayo ya kusoma yalisitishwa Kusini kwa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, na kuwaacha wanawake hao nje ya simulizi, kwa maoni yangu, ni kuwanyima haki mara ya pili.

Wala si wanawake wote waliosubiri hadi 1920: Wyoming, eneo la magharibi mwa Marekani, iliwaruhusu wanawake kupiga kura tangu 1869.