Jicho Lililopasuliwa Presha Likiwa Jekundu

Nilipasuliwa presha ya macho (glakoma) zamani, nikapona. Bado naweza kuambukizwa?

Ndiyo. Upasuaji ule ulitoboa njia ndogo ili maji ya ndani ya jicho yapate pa kutokea, presha ishuke. Yanakusanyika kwenye lengelenge jembamba lililojificha chini ya kope la juu. Njia ile haizibwi, ikizibwa presha inarudi. Basi vijidudu vina mlango, leo au baada ya miaka 10.

Dalili ni zipi?

Wekundu, maumivu, mwanga kuchoma, ukungu, usaha. Jicho likitiririka machozi hata mto unalowa, huenda lengelenge linavuja, njoo hospitali pia. Usingoje zote zitimie. Moja yatosha.

Lakini si haya macho mekundu ya kawaida?

Mwanzoni mwa 2024 yalipoenea huku Pwani, watu waliona yakipona yenyewe. Kwa jicho lako, hayo sahau. Jicho lililopasuliwa likiwa jekundu, hospitali ni leo. Si kesho, si baada ya Ijumaa, si mpaka mwanao aje kutoka Nairobi. Leo.

Nianze na matone yaliyoko nyumbani?

Hapana. Mama mmoja alivuka feri kutoka Likoni siku ya tano, jicho kalifunga leso, mkobani kichupa cha mjukuu wake kilichozibwa kwa pamba. Dawa ile ilikuwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe: wekundu ulipungua, vijidudu vikanawiri. Nilipompima, tochi aliiona. Vidole vyangu hakuvihesabu.

Maji ya waridi? Hapana. Maziwa ya mama? Hapana. Asali? Hapana, jamani!

Hospitali watanifanyia nini?

Maambukizi yakiwa kwenye lengelenge tu, ni matone ya antibiotiki kila saa, hata usiku, na kukaguliwa kila siku. Yakishaingia ndani, sindano inachomwa ndani ya jicho lenyewe, na pengine upasuaji mwingine. Kati ya hayo mawili huenda ukawa usiku mmoja tu. Ukifika sema mlangoni: "Jicho hili lilipasuliwa presha." Usikae foleni ya wanaopimwa miwani.

Na wanja?

Jicho hilo usilipake, hata Idi. Usilifikiche. Kabla ya kuogelea baharini, muulize daktari wako. Kichupa cha matone kisiguse kope, na usimwazime mtu.