Dume Kahasiwa, Mbona Bado Anampanda Jike?

Wenye mbwa hutuletea swali hili kliniki mara kwa mara, na wengi huliuliza kwa sauti ya chini. Nyumbani kuna mbwa wawili, dume na jike. Dume alihasiwa zamani, jike hajafungwa kizazi. Ghafla dume anaanza kumpanda jike uani, mbele ya watoto na wageni, na siku nyingine wananasana kabisa. Mwenye mbwa anabaki na mawazo mawili: ama daktari hakumaliza kazi, ama huyu mbwa ana kasoro.

Kwa kawaida si hili wala lile. Kuhasi ni kutoa korodani zote mbili. Huko ndiko mbegu zinakotengenezwa, na huko ndiko inakotoka sehemu kubwa ya homoni ya kiume, yaani testosteroni. Baada ya operesheni homoni hiyo hushuka haraka kwenye damu. Lakini pua ya mbwa inabaki ileile, ubongo wake unakumbuka aliyoyazoea, na uume wake bado una ile sehemu ya shina inayovimba ndani ya uke na kuwafanya wanasane. Kwa hiyo dume aliyehasiwa, hasa yule aliyewahi kupanda kabla ya operesheni, anaweza kumpanda jike aliye kwenye joto, yaani kipindi chake cha kuvutia madume na kuweza kushika mimba, akanasa naye kwa dakika tano hadi thelathini, na mimba isipatikane.

Tahadhari moja tu hapo. Mbegu zilizokwisha kutengenezwa hubaki kwenye mirija kwa muda baada ya korodani kutolewa. Dume aliyehasiwa juzi mtenge na majike wenye uwezo wa kuzaa kwa wiki nne hadi sita.

Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya kufuatilia madume 57 waliohasiwa wakiwa wameshakomaa na wakiwa tayari na tabia zilizowasumbua wenye mbwa. Kwa kupanda, kuzurura na kukojolea vitu ovyo, tabia ilipungua kwa nusu au zaidi kwa angalau asilimia 60 ya mbwa. Waliokaribia kuacha kabisa walikuwa kati ya asilimia 25 na 40. Kwa hiyo kuhasi kunasaidia sana, lakini asikuahidi mtu kwamba kunafuta kila kitu.

Kiini cha tatizo katika nyumba ya namna hii, kwa maoni yangu, ni jike. Familia nyingi humhasi dume kwa sababu operesheni yake ni nyepesi na bei yake ni ndogo, kisha huhesabu kwamba suala limekwisha. Limekwisha nusu. Jike bado anaingia kwenye joto, kwa wastani kila baada ya miezi saba hivi, ingawa wengine huenda miezi mitano na wengine kumi au zaidi. Kila anapoingia, harufu yake inamfikia dume wa nyumbani na madume wa mtaa mzima.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tulitazame kwa karibu. Dalili ya kwanza ya joto ni uke kuvimba na matone ya damu sakafuni au kwenye gunia analolalia. Jike msafi hujilamba sana, na usipochunguza hutaona tone hata moja. Hatua hii huchukua kama siku tisa, na ndani yake madume humfuata lakini yeye huwakatalia: anakaa chini, anabweka, hata anauma. Kisha damu inapungua, rangi yake inakuwa hafifu kama maji ya nyama iliyooshwa, na uke unalainika. Mkune mgongoni karibu na mkia: akisimama imara na kuusogeza mkia pembeni, sasa anakubali kupandwa. Hatua hii ya pili nayo huchukua kama siku tisa, ila kwa mbwa mmoja mmoja inaweza kuwa fupi sana au ikavuka wiki mbili.

Sasa fikiria kinachotokea nyumbani. Mwenye mbwa anamfungia jike anapoona damu, halafu anamfungulia damu inapokwisha, akiamini hatari imepita. Kumbe amemfungulia siku zilezile ambazo mimba hushika kwa urahisi zaidi. Hesabu wiki nne kamili kuanzia siku ya tone la kwanza, ndipo umfungulie. Andika tarehe hiyo ukutani au kwenye simu. Ni taarifa ya kwanza tutakayokuuliza ukija.

Katika wiki hizo, dume wa nyumbani aliyehasiwa hatakuwa kinga. Madume wa nje watachimba chini ya geti, wataruka ukuta, watapigana usiku kucha. Mbwa wako anaweza kuumwa na mbwa asiyejulikana ana chanjo au hana, na kichaa cha mbwa katika nchi zetu huenezwa hasa kwa njia hiyo. Dume na jike wote wawe na chanjo isiyopitwa na muda, hata kama hawatoki nje ya fensi.

Kuna pia uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa huambukizana kwa kupandana, na huonekana sana penye mbwa wengi wanaozurura. Chembe za saratani zenyewe huhama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine. Utaona nyama nyekundu mithili ya koliflawa kwenye uke au uume, inayotoa damu kwa urahisi. Kuhasiwa hakumkingi dume, kwa sababu huupata kwa kupanda na hata kwa kunusa na kulamba. Habari njema ni kwamba wagonjwa wengi hupona kwa sindano za dawa ya saratani zinazotolewa kila wiki kwa wiki kadhaa. Damu inayodondoka bila mpangilio wa joto isichukuliwe kuwa ni hedhi, mlete tumwangalie.

Mbwa wakishanasana, tafadhali, waacheni. Nimepokea mbwa waliomwagiwa maji ya moto na waliopigwa kwa fimbo ili waachane, na majeraha yao yalikuwa mabaya kuliko jambo lenyewe. Ukiwavuta, unaweza kumchana jike ukeni na kuumiza uume wa dume. Wakigeukiana mgongo ni kawaida yao. Simama karibu, zungumza nao taratibu, mshike jike asikimbie, wapeleke watoto ndani. Wataachana wenyewe.

Si kila kupanda ni ngono, na hili wengi hawalijui. Watoto wa mbwa hupandana wakicheza wakiwa bado wananyonya. Majike hupanda madume, na hupanda majike wenzao. Mbwa mwingine hupanda mto, mguu wa mgeni au godoro kwa sababu amesisimka: baba karudi kutoka kazini, geti limefunguliwa, kuna kelele. Mwingine hufanya hivyo kwa wasiwasi au kwa kukaa amefungwa banda siku nzima bila shughuli. Maelezo kwamba mbwa anapanda ili "amtawale" mwenzake yametumika kupita kiasi, na ubaya wake ni kwamba humpa mtu sababu ya kumpiga mbwa. Kipigo huongeza wasiwasi, na wasiwasi huongeza kupanda.

Angalia majira. Akipanda siku za joto la jike tu, sababu ni harufu, na dawa yake ni kuwatenganisha: vyumba tofauti au mabanda tofauti, matembezi kwa zamu, na kuosha kwa sabuni mahali jike anapolala. Akipanda mwaka mzima, mwite kwa jina kabla hajaanza, mpe amri anayoijua kama "kaa", mzawadie akitii, kisha umtoe akatembee. Na kama jike anakimbia, anajificha au ananguruma, usisubiri wamalizane wenyewe. Mwondoe dume. Ugomvi mkubwa wa mbwa wanaoishi pamoja mara nyingi huanzia hapo.

Yapo mazingira yanayotaka daktari kwanza. Dume anayejilamba uume kila wakati au kukojoa kidogokidogo anaweza kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Dume aliyetolewa korodani moja tu kwa sababu nyingine haikushuka bado ana homoni kamili, maana iliyobaki tumboni hutengeneza testosteroni. Na jike aliyefungwa kizazi lakini bado anavuta madume huenda amebakiwa na kipande cha ovari, yaani kifuko cha mayai kinachotoa homoni za joto.

Wapo wanaotuomba sindano ya kuzuia joto kwa sababu ni rahisi. Mimi siishauri. Dawa hizo huongeza hatari ya mfuko wa uzazi kujaa usaha, ugonjwa ambao tayari huwanyemelea majike wasiofungwa kizazi, hasa wiki nne hadi nane baada ya joto. Jike akinywa maji kupita kawaida, akikataa chakula, akitapika, tumbo likajaa au uke ukatoa usaha wenye harufu, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Kwa jike ambaye hamtaki azae, ushauri wangu ni kumfunga kizazi. Akiwa kwenye joto mishipa ya mfuko wa uzazi huwa imejaa damu, kwa hiyo kama hakuna dharura tunapendelea kusubiri miezi miwili hadi mitatu baada ya joto kuisha. Baada ya operesheni, mtenge na dume kwa siku kumi hadi kumi na nne hata kama dume alihasiwa, kwa sababu kupandwa kunaweza kufungua mshono. Mvishe kola ya kumzuia kulamba kidonda, asiruke wala kupanda ngazi, na tazama mshono asubuhi na jioni. Ukiona nyuzi zimeachia, uvimbe au majimaji, usisubiri siku ya kutoa nyuzi.