Maana ya "kerneli thabiti" unapohamishia Linux kwenye bodi mpya

Kitu thabiti ni kitu kisichoyumba. Ndiyo maana anayeanza kuhamishia Linux kwenye bodi ya mfumo uliopachikwa (kompyuta ndogo iliyo ndani ya kifaa), akikuta toleo la kerneli, yaani kiini cha Linux kinachoendesha vifaa, lililoandikwa "thabiti", hulichukua bila kuuliza zaidi. Lakini hapa neno hilo lina maana finyu. Toleo thabiti ni lile lililofungiwa mambo mapya: linapokea marekebisho ya hitilafu na ya usalama, basi. Kuhusu bodi yako halisemi lolote. Kama chipu yako haijawahi kuungwa mkono humo, uthabiti huo haukusaidii hata kuwasha taa.

Zamani namba yenyewe ilikueleza. Tarakimu ya pili ikiwa shufwa, kerneli ni thabiti. Ikiwa witiri, bado inaundwa. Kerneli 2.4 ilitoka Januari 2001, 2.5 ikaanza Novemba mwaka huohuo, na matunda yake, yaani 2.6, yakaonekana Desemba 2003. Kwa miaka hiyo miwili mwenye kifaa kipya alibanwa: ama afuate 2.5 inayobadilika kila mara, ama achukue kilichoandikwa kwa ajili ya kifaa chake katika 2.5 na kukirekebisha kwa mkono kiingie 2.4. Utaratibu huo uliachwa, kwa hiyo usidhani 5.15 ni ya majaribio kwa sababu tu 15 ni witiri.

Siku hizi kuna shina kuu, yaani msimbo mkuu ambamo kerneli huundwa, linalotoa toleo jipya kila wiki 9 au 10. Wiki 2 za mwanzo hupokea mambo mapya, zinazofuata ni za kusafisha, na kila wiki hutoka toleo la majaribio lenye alama ya rc. Likikamilika, hukabidhiwa wasimamizi wa matoleo thabiti. Machache huteuliwa kutunzwa muda mrefu, miaka 2 au zaidi; kwa mfano 5.10, iliyotoka Desemba 2020, ilipangiwa miaka 6.

Kwa bodi itakayouzwa na kukaa kazini miaka mingi, mimi huanza na toleo la muda mrefu, na sababu yangu ya kwanza si usalama. Bodi mpya haijulikani. Kipakiaji chake (programu inayoiwasha kerneli) hakijulikani, maelezo ya vifaa vyake umeyaandika jana, na draiva, yaani msimbo unaoendesha kifaa, ni yako mwenyewe. Konsoli ya siriali, waya unaokuletea ujumbe wa bodi, ikinyamaza, unahitaji kuwa na hakika kwamba kosa liko upande wako. Ukiwa umejenga juu ya rc1, toleo la kwanza la majaribio, hakika hiyo huna, na unaweza kupoteza siku tatu ukiwinda hitilafu ya mtu mwingine ambayo itarekebishwa wiki ijayo.

Hata hivyo, kabla ya kuchagua, tazama kile unachohitaji kiliingia shina kuu katika toleo lipi. Chukua PREEMPT_RT, inayoiwezesha kerneli kuitikia kwa wakati uliohakikishwa. Kwa miaka mingi ilikuwa rundo la viraka (mabadiliko ya msimbo yanayobandikwa juu ya kerneli) lililotunzwa kando, hadi ilipokamilika kuingia katika 6.12, Novemba 2024. Anayeihitaji akichagua 6.6 atabeba viraka hivyo mwenyewe; akichagua 6.12, ambayo nayo ni ya muda mrefu, anaikuta ndani, mradi aina ya chipu yake inaungwa mkono.

Jihadhari pia na kerneli inayotolewa na mtengenezaji wa chipu. Inaweza kujiita 5.10 huku ikiwa na mabadiliko mengi ambayo 5.10 halisi haiyajui. Ilinganishe na ile halisi kabla ya kuiamini.

Lipo jambo linalowaumiza wengi baadaye. Kerneli inaahidi kutovunja programu za watumiaji, lakini haina ahadi kama hiyo kwa miunganiko yake ya ndani, yaani njia ambazo draiva huzungumza nayo. Draiva uliyoiweka nje ya shina itahitaji kurekebishwa kadiri matoleo yanavyosonga, na mwenye kuirekebisha ni wewe. Wala huwezi kuipeleka moja kwa moja kwenye toleo thabiti, maana kwa kawaida kiraka kinachokubaliwa huko ni marekebisho yaliyokwisha kuingia shina kuu.

Kwa hiyo bodi ikishawaka juu ya toleo la muda mrefu, anza kuijaribu draiva yako kila shina kuu linapotoa toleo, kisha itume ikaguliwe. Ikikubaliwa mapema, toleo lijalo la muda mrefu litakuja nayo ndani, na kuhama kwako kutabaki kupima tu.