Je, wajua kwa nini “saa ya dhahabu” ya Kisumu haifiki hata nusu saa?

Kijana wa Kisumu aliyenogewa na muvi hatakosa onyesho hili kichwani: mji wake jioni, mtumbwi wa Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria, ukionekana mweusi mbele ya jua, na uso wa mwigizaji unaowaka rangi ya asali. Watu wa kamera huuita mwanga huo saa ya dhahabu. Jina lenyewe linadanganya huku kwetu. Jua likishafika digrii 6 juu ya upeo wa macho, una dakika 25 hivi kabla halijazama.

Dunia hujizungusha digrii 15 kila saa, yaani digrii moja kwa dakika nne, uwe Kisumu au kwingineko. Kinachotofautiana ni njia ya jua kushukia. Kisumu iko kilomita 10 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutumbukia wima kama ndoo kisimani. Ukienda mbali kaskazini au kusini, hushuka kwa mshazari na kuchelewa kuupita upeo. Mpiga picha Néstor Almendros alipata tuzo ya Oscar kwa Days of Heaven (1978), filamu iliyorekodiwa kusini mwa Alberta, Kanada, maonyesho mengi yakiwa ya machweo. Kule, karibu na digrii 49 kaskazini, mwanga unaobaki baada ya jua kuzama hudumu dakika zaidi ya 30. Kisumu hudumu 21 hadi 23, mwaka mzima.

Ubaya zaidi uko kwenye duara la jua lenyewe. Tangu ukingo wa chini uguse maji hadi wa juu upotee ni dakika mbili na sekunde chache. Mwigizaji akisahau mstari wake hapo, tukutane kesho. Baada ya hapo, anga likiwa jeupe, mwanga hupungua kwa nusu kila dakika tatu hivi.

Saa ya kuzama nayo hubadilika, ingawa si sana. Mwanzoni mwa Novemba ni karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Katikati ya Februari inakaribia saa moja. (Mombasa hututangulia kwa wastani wa dakika 20, kwa hiyo usiige ratiba ya rafiki yako wa pwani.) Usipokuwa na programu ya kukokotoa, nyoosha mkono mbele ukunje ngumi: upana wake ni takriban digrii 10, sawa na dakika 40 za jua. Ngumi mbili zikibaki juu ya maji, mazoezi yawe yanaendelea. Ikibaki moja, kamera iwe kwenye stendi na kila mtu mahali pake.

Simu unayorekodia ikiachwa ijiamulie huharibu mambo mawili. Huona rangi ya chungwa ikadhani ni kasoro, kisha inaongeza bluu hadi dhahabu yote inafutika. Funga mizani ya rangi kwenye Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5600. Halafu giza linapoingia hupandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) polepole, na picha inajaa chembechembe katikati ya shoti. Funga kiwango cha mwanga cha kamera pia: ukitaka mtumbwi mweusi, pima anga pembeni mwa jua, usipime uso wa mtu. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/50. Kwa shata hiyo, mwanga wa kabla ya machweo huwa mkali mno kwa lenzi ya simu, ambayo kwa kawaida tundu lake halibadiliki; weka kichujio cha ND16, kioo cheusi kinachopitisha sehemu moja tu ya mwanga kati ya 16. Kiondoe mara jua likizama. Wengi hukisahau, kisha wanailaumu simu.

Fremu 25 na shata 1/50 zina faida yake pia: huendana na taa zetu. Umeme wa Kenya ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Rekodi Oginga Odinga Street usiku kwa fremu 30 na shata 1/60 uone mistari ya giza inavyotambaa kwenye picha.

Mazungumzo ya watu wawili ndiyo mtego mkubwa. Ukimrekodi mmoja, ukageuza kamera kwa mwenzake baada ya dakika kumi, wa kwanza atakuwa wa dhahabu na wa pili wa bluu, na hakuna mhariri atakayewaunganisha vizuri. Tumia simu mbili kwa pamoja. Kama ni moja, anza na shoti pana inayoonyesha ziwa na anga. Nyuso za karibu zifuate, kwa sababu hizo unaweza kuzimulika kwa taa ndogo iliyofunikwa plastiki ya rangi ya chungwa.

Kagua pia mahali penyewe. Ukitazama magharibi, Juni jua huzama digrii 23 hivi kulia kwako, na Desemba kushoto kwa kiasi hichohicho, hivyo fremu uliyoipenda Machi haitakungoja. Magugu maji yakifunika ufuo, mng'ao wa majini haupo. Na mawingu ya mvua yakisimama mashariki, upande wa milima ya Nandi, geuza kamera: jua la magharibi huyapaka rangi kuliko anga tupu la ziwani.

Viboko nao hutoka majini kula nyasi saa hiyohiyo. Mmoja wa kikundi asipewe kifaa chochote. Kazi yake iwe kutazama ukingo wa maji.